Siku Niliyomshusha Bibi kwa Gia ya Kwanza

Mwanangu Elisante, ipo siku moja ambayo mguu wangu wa kushoto unaikumbuka kuliko kichwa changu. Nikikaa nyuma ya usukani wa gari lolote la gia, hata hili letu la kubebea tangawizi, mguu ule hukanyaga klachi mpaka chini, kisha hupanda taratibu kana kwamba kuna mtu amelala karibu. Juzi uliuona ukacheka. Ulisema, "Mama, unaachia klachi kama unayemfunika mtoto shuka." Sikukujibu kwa sababu tulikuwa na wageni. Nakujibu sasa, maana Jumamosi utapanda mlimani na gari hilo kumchukua babu yako Eliamini, umlete hapa Same kwa daktari wa macho, na gari la gia ndiyo kwanza unalizoea.

Najua kule Dar es Salaam ulijifunzia gari la otomatiki, linalojibadilishia gia lenyewe. Hilo si la kuonea haya. Lakini gari hilo lilikuwa linakuficha jambo moja, kwamba kila mteremko una gia yake, na kwamba kuna mtu lazima aichague. Jumamosi mtu huyo ni wewe.

Babu yako Eliamini ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Wakati wa ujana wangu alikuwa na pikapu kuukuu iliyokuwa ikishusha tangawizi na maharage kutoka kijijini kwetu mpaka soko la Same, na jioni ikipandisha saruji, chumvi na watu. Nilipomwomba anifundishe kuendesha, alikubali bila kuuliza msichana anataka gari la nini. Ila hakunipa usukani. Alinikalisha nyuma, juu ya magunia, akaondoka.

Kwanza aliendesha vizuri. Gia ya pili iliingia, ya tatu ikaingia, mimi nikijua kwa mlio wa injini tu. Kisha, bila kunionya, akaanza kuendesha vibaya makusudi. Aliachia klachi kwa ghafla, gari likaruka. Aliweka gia kubwa mapema, injini ikatetemeka na bodi lote likatetemeka nayo. Alirudisha gia ndogo kwa pupa, nikapiga paji la uso kwenye ukingo wa kabini. Tulipofika alishuka na kuniuliza nimejifunza nini.

"Nimejifunza kwamba tangawizi ina mifupa," nikamjibu, maana nilikuwa na hasira.

Alicheka mpaka akashika mlango. "Basi kesho kaa mbele," akasema. "Ukisahau aliyeko nyuma, nitakurudisha kwenye magunia."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Maelezo yalikuja baadaye na yalikuwa machache. Sikiliza injini, inakwambia ikichoka na inakwambia ikiboeka, yaani ikitaka gia kubwa. Mkono ukishamaliza kazi kwenye gia, urudi kwenye usukani. Mguu ukishamaliza kazi kwenye klachi, ushuke sakafuni, usiuache ukipumzika juu yake, maana hata uzito mdogo unaila. Nilipata leseni. Nilidhani nimemaliza.

Bibi yangu, mama yake Mjomba, aliteleza asubuhi moja kwenye mfereji wa ndiva. Wewe umekulia mjini, nikukumbushe. Ndiva ni bwawa la kijiji. Hukusanya maji ya kijito usiku, na asubuhi mwenye zamu hufungua mlango wake kidogo ili maji yateremke mashambani kwa mwendo ambao mifereji inaweza kuubeba. Siku ile zamu ilikuwa yake. Alikwenda mwenyewe na jembe lake, kama alivyozoea, mguu ukamtoka kwenye tope.

Walipomfikisha nyumbani hakuweza kuusogeza mguu wa kulia, na akijaribu uso ulikuwa unabadilika. Muuguzi wa zahanati alimpima kwa mikono, akamfunga miguu yote miwili pamoja kwa kanga, katikati akaweka mto. Kisha akatuita pembeni, mimi na Mjomba.

"Nadhani ni nyonga," akasema. "Lazima aende hospitali leo. Lakini nisikilizeni. Mfupa ukiwa umepasuka na haujasogea, ana nafasi ya kutembea tena. Ukisogea njiani, sijui. Gari lisimtikise."

Mjomba aliitazama pikapu, akaitazama barabara. Wakati ule haikuwa na zege kwenye kona kama ilivyo leo. Ilikuwa udongo mwekundu na mawe, na mvua ilikuwa imeichimba. Alitandika godoro nyuma, akafunga turubai juu ili jua lisimpige, tukamlaza Bibi. Nilidhani Mjomba atakwenda mbele. Lakini Bibi alimshika kiganja.

"Wewe usiende popote," akamwambia. "Kaa hapa unishike hiki kiuno."

Mjomba akanirushia funguo.

"Mjomba, mimi?"

"Mimi siwezi kuwa pande zote mbili. Twende."

Dirisha dogo la nyuma ya kabini halikuwa na kioo, hivyo nilisikia kila pumzi ya Bibi. Niliwasha, nikaweka gia ya kwanza, na kwa hofu nikaachia klachi kwa haraka. Pikapu ikaruka mbele. Bibi akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mke mwenzangu," akasema alipopata pumzi, maana ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "kama unataka urithi wa mume, sema tu. Usiniue kwa gari."

"Nisamehe, Bibi."

"Usiombe samahani," akasema Mjomba. "Achia mguu polepole. Pale unapoisikia injini ikibadilika sauti, subiri kidogo, kisha malizia."

Nilifanya hivyo na tukaenda. Kwenye sehemu ya juu, ambako barabara inazunguka mashamba ya migomba, mambo yalikuwa mazuri. Shida ilianza kwenye mteremko mrefu. Nilikuwa gia ya pili, injini ikivuma na kulizuia gari, na kila nilipogusa mafuta au kuyaachia bodi lilikuwa linatikisika mbele na nyuma. Bibi alikuwa anagugumia. Kila mgugumio uliniingia mgongoni.

Hapo ndipo nikafanya kile ambacho madereva wetu wote wa mlimani walikuwa wakikifanya kila siku. Walikitumia kuokoa mafuta, wengine wakazima hata injini, na walijisifia sokoni kwamba wamefika Same bila kuunguza tone. Nikatoa gia. Nikaweka fri, gari likajitelemkia.

Ukimya ukaingia. Mtikisiko ukaisha. Gari likateleza kama linavutwa na kamba laini, na mimi nikigusa breki kila mara lisizidi. Nyuma yangu Bibi akaacha kugugumia.

"Ee, hapo sasa," akasema. "Kumbe unajua."

Nataka uelewe kwamba sikuweka fri kwa uvivu wala kwa ubahili wa mafuta. Niliweka kwa huruma. Ndiyo maana nakusimulia, kwa sababu Jumamosi utakuwa na mzee ndani ya gari, na huruma hiyo hiyo itakujia.

"Naeli," Mjomba akaita, "injini imezimika?"

"Hapana, Mjomba. Nimeweka fri ili apumzike."

Aligeukia dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, ili mama yake asishtuke, "Rudisha gia. Rudisha sasa, mwendo ungali mdogo."

Bibi akamwingilia. "Mwache mtoto. Kwa nini unamsumbua? Mimi nimestarehe."

"Mama, umestarehe kwa sababu tunaanguka taratibu."

Nilikanyaga klachi nikasukuma gia ya pili. Ikakataa, ikalia kama bati linalokwaruzwa. Mwendo ulikuwa umeongezeka, na breki, nilipoikanyaga tena, ilishuka zaidi kuliko mwanzo. Harufu ya kuungua ikaingia kwenye kabini. Mbele yangu niliona kona, na nje ya kona sikuona kitu, isipokuwa uwanda wa Same ukiwa mbali chini na mashamba ya mkonge yamejipanga.

"Usiisukume," Mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile. "Itoe. Achia klachi. Ipe mafuta, injini ikimbie kama magurudumu yanavyokimbia. Sasa klachi tena. Iweke."

Gia ikaingia. Nikaanza kuachia klachi, na kwa mara ya kwanza maishani nikahisi injini ikilishika gari, kwa uthabiti, kama mtu anavyomshika mwenzake kiwiko. Haikuwa laini kabisa. Bibi alilia tena. Lakini kona ilikuja tukiwa na mwendo wa kuikata, tukaikata.

Ng'ambo ya kona barabara ilikuwa imejaa watu. Kumbe siku ile ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, na pembe ilikuwa imepulizwa alfajiri kuwaita watengeneze barabara. Walikuwa na majembe, makarai na mawe. Nilisimamisha gari upande wa mlima, nikavuta hendibreki, watu wawili wakaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu bila kuambiwa. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele.

Kwa desturi, gari likiukuta msaragambo, waliomo hushuka na kubeba mawe kabla ya kupita. Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia kazi, mwenye pembe shingoni, alipoitambua pikapu akapaza sauti, "Eliamini, leo umejileta mwenyewe. Zamu yako unaikwepa tangu masika. Na huyu binti uliyemweka mbele ndiye utingo wako?"

"Ndiye dereva," Mjomba akajibu kutoka chini ya turubai. "Nimembeba mama. Zamu nitailipa."

Mzee yule akainua turubai. Wengine wakasogea. Maneno yakaisha, wakavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi akasema. "Endeleeni na kazi. Leo mimi ndiye mkaguzi wa barabara. Naikagua kwa mifupa, na nawaambia hapo juu mmefanya ovyo."

Wakacheka, lakini si sana.

Mimi nilikuwa nimeshuka na ndoo, natafuta maji ya kumwagia magurudumu. Mjomba aliniona. "Acha," akasema, "chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinapinda au kinapasuka. Breki iache ipoe yenyewe. Njoo hapa." Nikaenda nikasimama ubavuni mwa bodi. Mkono wake ulikuwa bado chini ya kiuno cha mama yake, na nilijua umekufa ganzi.

"Mlango wa ndiva uko wapi?" akaniuliza.

"Juu, Mjomba. Kwenye bwawa."

"Kwa nini hatuyaachi maji yote yaje, halafu tuyazuie kwa mikono huku chini mferejini?"

"Hayazuiliki."

"Breki ni mikono, Naeli. Gia ndiyo mlango. Maji unayapima kule juu, kabla hayajaanza kuja. Gia ya mteremko nayo unaichagua kule juu, gari likiwa bado linakusikiliza. Gia ambayo ungepandia hapa ndiyo ya kushukia hapa." Akanitazama, akaona machozi. "Umemhurumia. Sikukatazi kumhurumia. Mhurumie kwa gia."

Bibi, akiwa amefumba macho, akasema, "Mimi maneno yenu ya gari siyaelewi. Mnifikishe tu."

Breki zilipopoa, mzee wa pembe akaja dirishani kwangu. Alikuwa ameongea na wenzake. "Binti, unaweza kushuka kwa mwendo wa mtu anayetembea?"

Nikamtazama Mjomba kupitia dirisha lisilo na kioo. Akatikisa kichwa kukubali.

"Naweza," nikasema. "Kwa gia ya kwanza."

"Basi tutatangulia."

Wakatangulia. Mwanangu, nimeendesha gari miaka mingi na sijaona tena kitu kama kile. Kina mama na vijana wale wakapanga makarai ya udongo, wakawa wanatembea mbele ya pikapu wakijaza kila shimo na kuondoa kila jiwe kwenye njia ya magurudumu. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, polepole zaidi ya hapo, hadi mguu ukafika juu bila mtu kujua umefika lini. Kisha nikaitoa miguu yote miwili, nikaiweka sakafuni. Injini yenyewe ikalishika gari. Lilitembea nyuma ya wale watu kama ng'ombe anayemjua mwenyewe, bila mafuta na karibu bila breki, mlio wake mmoja tu, usiopanda wala kushuka. Mwendo ukiwa mmoja hivyo, hakuna kinachorusha mtu. Mtikisiko niliokuwa nikiukimbia kumbe haukuletwa na gia. Ulikuwa wa mguu wangu uliokuwa hauamui.

Pale mteremko ulipoishia, watu wa msaragambo walisimama pembeni wakatupisha. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee wa pembe aliinua mkono tu.

Kisha uwanda ukaanza, na hapo nilipaswa kupandisha gia. Nilisikiliza injini mpaka iliposema imeboeka. Klachi chini kabisa, gia ya pili, mguu ukapanda. Nikasubiri. Klachi chini, gia ya tatu, mguu ukapanda. Nilikuwa nangoja Mjomba anisahihishe, au Bibi agugumie. Sikusikia kitu. Nikaogopa. Nikatazama kwenye kioo, nikaona Bibi amelala, mdomo wazi kidogo, kifua kikipanda na kushuka vizuri. Na Mjomba, aliyekuwa akinihesabia kila gia, naye amelala, kichwa kimeegemea ubao wa bodi, mkono bado umemshika mama yake.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari alisema mfupa umepasuka lakini haujasogea. Bibi alikaa kitandani muda mrefu na kuwasumbua wauguzi, kisha akarudi mlimani akitembea na fimbo. Wewe hukumkuta. Lakini mfereji wa ndiva aliusimamia tena, na kila aliponiona alinitania, "Mke mwenzangu, ile siku tulishukaje? Mimi nilijua bado mnatafuta funguo."

Baada ya hapo nilitaka kujua kwa nini. Nilinunua vitabu vya ufundi vilivyotumika, vingine vimechanika kurasa, nikavisoma na kamusi pembeni, nikawauliza mafundi wa Same mpaka wakawa wanajificha. Nilielewa kwamba breki hula mwendo na kuugeuza joto, na ikishajaa joto haili tena. Nilielewa kwamba injini iliyofungwa kwenye gia ndogo haina jambo hilo, inaweza kulishikilia gari mlima mzima isichoke. Yote hayo ni kweli na ni vizuri uyajue. Lakini hayakuniongezea kitu ambacho mikono ya Mjomba haikuwa imenionyesha.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Jumamosi, kabla hujaondoka kwake, ujue gari linaelekea wapi. Kwake ni mlimani, utakuwa umeliegesha kwenye mteremko. Uliache ndani ya gia, ya kwanza kama pua inatazama juu, ya nyuma kama inatazama chini, na jiwe kwenye gurudumu hata kama hendibreki ni nzima. Unapoondoka kwenye kilima usilishikilie gari kwa klachi ukisubiri mtu apite, utaiunguza. Hendibreki ipo kwa ajili hiyo. Ukibadilisha gia, kanyaga mpaka mwisho, usikanyage nusu. Usilazimishe gia inayolia, inakwambia mwendo na injini havijapatana, kwa hiyo vipatanishe kwanza. Usiweke gia ya nyuma gari likiwa bado linakwenda mbele, hata kidogo. Kabla ya kila mteremko, wakati bado uko juu na akili yako imetulia, chagua gia ambayo ungepandia, kisha kaa nayo mpaka chini. Watu watakupita. Bodaboda watakupigia honi. Waache wapite.

Na usiweke fri. Hata babu yako akilalamika kwamba injini inavuma. Hatalalamika, lakini hata akilalamika.

Jambo jingine. Babu yako atataka kukaa nyuma. Usimbishie, usidhani ameona mbele si pake. Macho yake sasa hayaoni kona, lakini mgongo wake unaona kila gia utakayoweka, na atakaa kimya, kwa sababu anasubiri kujua kama nilikufundisha. Ukifika uwandani, tazama kwenye kioo. Ukimkuta amelala, usimwamshe kwa breki wala kwa furaha. Endelea hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa daktari.

Mungu akupe mguu mtulivu na sikio la kuisikia injini. Akupe kila mara mtu wa kumbeba ambaye unaogopa kumuumiza. Ushuke salama, mwanangu, na unaowabeba wafike wakiuliza kama mmeshaondoka.